Dresa Aliyeizika Pikipiki Yangu

Dresa alizaliwa wapi sijui, na hata ningejua nisingesema, maana mwenyewe hakupenda kuulizwa. Ukimwuliza kwao ni wapi alikuonyesha kwa kidole barabara aliyotokea asubuhi ile. Ninachokijua, na ndicho kilichoniponza, ni kwamba wazee wake walikuwa Wanyamwezi waliokuja kukata mkonge kwa mkataba, na mimi ni Mzigua wa Handeni. Kwa asiyejua maana yake: Mnyamwezi na Mzigua ni watani. Mtani anaingia kwako bila hodi. Anakula chakula chako, anamsema vibaya marehemu wako matangani watu wakiwa wanalia, na wewe unatakiwa ucheke. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Sasa mfikirie mtu kama mimi, nipendaye mlango wangu ufungwe, kiti changu kisiguswe na chai yangu isipoe, halafu Mungu ananipa mtani ambaye kazini ni dresa mkuu, mkubwa wa wafunga vidonda, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima pamoja na waliopewa dawa ya usingizi.

Hospitali yenyewe leo haipo. Ilikuwa hospitali ndogo pembeni ya mashamba ya mkonge, upande wa Korogwe, na majengo yake nasikia yamegeuzwa ghala. Mimi nilikuwa karani. Nilikuwa nimesoma sekondari, kwa hiyo nilivaa tai hata siku za joto, na nilikuwa na pikipiki. Niliinunua kwa Mgiriki mmoja wa shambani aliyekuwa akienda vitani, na nilimwombea sana asirudi kuidai. Kutoka kwangu Manundu hadi hospitali haukuwa mwendo. Ungemimina chai kwangu ukaibeba mkononi kwa miguu, ungeinywa ofisini ingali na mvuke. Lakini mimi nilipanda pikipiki asubuhi, nikarudi nayo mchana kula ugali na kujinyoosha kidogo, nikaenda nayo tena, nikarudi nayo jioni. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba ni kwa ajili ya cheo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nawahi kitanda.

Na sikuwa peke yangu. Bwana Mganga, yule daktari Mwingereza, alikuwa na gari lake na nyumba yake juu kilimani, akashuka nalo na kupanda nalo mara nne kwa siku, yeye na kiko chake tu. Mchanganya dawa wetu, Mhindi mpole sana, naye alikuwa na kigari chake chekundu. Hatukuwahi kupeana nafasi. Kila mtu na chombo chake, tunapishana getini kama wafalme watatu, huku wauguzi na wafagiaji wakila vumbi letu.

Ila vilikuwa vita, vile Vikuu vya Pili. Petroli ilikuwa ya mgawo, na hospitali ilikuwa na pipa moja, tukiongezewa madebe machache kila wiki. Gari la wagonjwa, gari la Bwana Mganga, kigari chekundu na pikipiki yangu, wote tulinyonya pipa hilo hilo.

Siku niliyoanza kumwona Dresa kama alivyo ilikuwa siku ya ile machela kutoka Kang'ata. Ndugu wanne walikuwa wamembeba dada yao mja mzito kwa miguu. Walikuwa wametuma mtu mbele kuomba gari, na mtu huyo alifika mapema vya kutosha, ila dereva alipoliwasha gari likakohoa likanyamaza. Pipa lilikuwa kavu. Machela ilipofika kwetu Bi Mkunga aliinama juu yake, akainuka, akawaambia wale kaka wakae chini kwanza. Basi wakajua.

Dresa alikwenda nyuma ya stoo na ufito mrefu, akauchovya ndani ya pipa, akautoa, akautazama. Ulitoka mkavu, una vumbi la kutu kwenye ncha. Kisha akaja dirishani kwangu akaniuliza kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake:

"Karani, leo mchana ulikwenda wapi?"

"Nyumbani, kula."

"Chakula kilikuwa nini?"

"Ugali na mlenda."

Akatikisa kichwa. "Mlenda," akasema, akaondoka. Mpaka leo mlenda unanipita kooni kwa shida, ingawa ni chakula chenyewe cha kuteleza.

Nataka nimweleze mtu huyu vizuri, maana nikimsimulia kwa vituko vyake tu mtadhani alikuwa mchekeshaji. Alikuwa mrefu, mweusi tii, kaptula yake nyeupe imepigwa pasi hadi inaweza kusimama yenyewe. Alinuka aidini hata siku ya Idi. Miguu yake ilikuwa mikubwa kiasi kwamba hapakuwa na duka lenye viatu vyake hadi Tanga, akatengenezewa na fundi wa shambani kwa mpira wa gurudumu. Alitembea navyo mkononi, akavivaa akifika mlangoni, kwa heshima ya wagonjwa.

Alijaa mambo yasiyopatana. Kidonda cha mtu mwingine angekisafisha huku anatafuna muhogo, lakini siku alipojikata kidole na wembe alianguka kama gunia, tukamzindua kwa maji ya ndoo. Alidai kila mtu afike saa moja kamili, na saa hakuwa nayo, alitumia honi ya kiwanda cha mkonge. Alikuwa adui wa magari, na kila Ijumaa aliliosha gari la wagonjwa kwa mikono yake, akilisemesha chini chini kama ng'ombe wa maziwa. Na yeye aliyetuhubiria baiskeli mwaka mzima hakujua kuiendesha. Alikaa kwenye keria, magoti yamefika masikioni, akimwelekeza mwendeshaji: "Kushoto! Kengele! Kuna mbuzi!"

Bi Mkunga alikuwa mkewe. Ndiye mtu pekee niliyemwona akimnyamazisha, na alimnyamazisha kwa jicho tu. Walikutana kazini, wakaoana kazini, na kama ungewatenganisha vituo sijui nani kati yao angekufa kwanza.

Baada ya siku ya ile machela Dresa alianza vita vyake mwenyewe. Alikuja na maneno yake aliyoyarudia hadi wafagiaji wakayageuza wimbo. "Gari la mtu mmoja ni kitanda chenye magurudumu!" Akinipita nimepanda pikipiki alipiga kelele: "Karani, umelala vizuri?" Na akimwona mtu kwenye baiskeli, keria iko tupu: "Wewe! Unampeleka nani huyo hewa? Mshushe, mpakie mtu!"

Lakini hakuishia kwenye maneno. Aliwapanga watu. Waliokaa mbali kabisa, kwenye kambi za manamba, vibarua wa mkataba, waliondoka wa kwanza, wakaja wakipita mlango kwa mlango. Kila nyumba ya mtumishi ilipofikiwa walisimama wakaimba jina la mwenye nyumba hadi atoke. Msafara ukakua kama mto unavyokusanya vijito, na ukiingia getini ulikuwa na watu thelathini wanaocheka. Wenye baiskeli walibeba wawili wawili, mzito nyuma ya mwenye nguvu, na Dresa ndiye aliyewapima kwa macho.

Halafu akapata toroli. Shamba la jirani lilikuwa na reli yake ndogo ya kubebea majani ya mkonge, na kila alfajiri matoroli matupu yalishuka kutoka kilimani kwenda kukatwako mkonge, yakipita karibu kabisa na uzio wetu. Dresa alimwendea meneja akamwomba watumishi wetu wapande, na badala ya nauli wasukume kwenye mpando. Meneja akacheka akakubali. Siku ya kwanza yaya wa wodi ya watoto aliteremka mle akipiga vigelegele, kilemba kimepeperuka, na dereva wa toroli akikandamiza gogo kwenye gurudumu kupunguza mwendo, cheche zinaruka. Wiki iliyofuata watu walikuwa wanahama nyumba ili wakae karibu na reli.

Tulibaki wafalme watatu.

Alianza na mimi, maana mimi nilikuwa mali yake halali. Jumamosi moja mchana nimejilaza kibarazani nasikia kilio. Si kilio cha mchezo, kilio hasa cha msiba, cha wanawake wengi. Nikainuka haraka. Kuangalia uani, naona pikipiki yangu imelazwa kwenye mkeka, imefunikwa shuka jeupe la hospitali, na watumishi wameizunguka wamejitanda kanga. Dresa yuko kichwani pa marehemu anasoma wasifu.

"Marehemu alikuwa mlevi!" analia. "Tumesema, tumekanya! Alikunywa asubuhi, akanywa mchana, akanywa jioni! Na alichokunywa kilikuwa cha wagonjwa!"

"Uuuwii!" wanaitikia.

"Ameacha mjane mmoja, mnene, ndiye yule kibarazani!"

Nikamtafuta mke wangu anitetee. Mama Hadija alikuwa katikati ya waombolezaji, analia kuliko wote, machozi ya kweli, ya kucheka.

"Mama Hadija, hata wewe?"

"Niache, baba," akasema, "nimefiwa."

Nifanye nini? Mtani hakasirikiwi. Kwa desturi mazishi ya watani hayasogei mpaka wafiwa watoe kitu, na majirani walikwishajaa ukutani wanangoja kuona kama Karani msomi anajua mila. Nikatoa kuku. Dresa akamkagua kuku, akasema amepokea, lakini marehemu hawezi kupumzika na ufunguo wake uko mfukoni kwa mjane. Nikatoa na ufunguo. Wakaibeba pikipiki kwa wimbo wakaiweka stoo ya hospitali nyuma ya masanduku ya bandeji, na Jumatatu msafara ulisimama mlangoni kwangu ukaimba jina langu. Niliona aibu hadi kwenye kona. Baada ya kona, nitakiri hapa ambapo Dresa hasomi, niliimba.

Mchanganya dawa hakungoja kuzikiwa. Alisikia habari za kuku, na yeye hakula nyama wala hakutaka kuua kiumbe, basi siku ya pili alikuja kwa miguu na mwavuli, akaunganika na msafara, akiwagawia watu punje za bizari zilizokaangwa watafune njiani.

Hapo ndipo Dresa alipofanya kosa, na ni kosa ambalo hangelifanya mtu wa kwingine kokote.

Bwana Mganga alikuwa amemtazama miguu asubuhi moja kwenye mahudhurio, mbele ya watumishi wote, akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni: "Dresa, viatu yako kama mitumbwi mbili." Watu wakacheka, Dresa akacheka kuliko wote. Kumbe moyoni ameandika. Kwa hesabu zake, mtu asiye mtani hamtanii mwenzake hadharani. Bwana Mganga ametania, kwa hiyo Bwana Mganga ameingia utanini kwa mdomo wake mwenyewe.

Mchana huo daktari anatoka wodini anaelekea garini aende kula, anakuta gari lake limevikwa mashuka mawili yaliyounganishwa kwa pini, maua mekundu ya uzio yamepangwa juu ya boneti, na Dresa amepiga magoti kando ya gurudumu.

"Alikuwa mtu mzuri," anaomboleza, "ila alipenda mno kutembea peke yake!"

Safari hii hakuna aliyeitikia. Nilisikia bomba likidondosha maji. Bwana Mganga alianza kuwa mwekundu shingoni, wekundu ukapanda kama maji kwenye kitambaa mpaka ukafika kwenye upara.

"Karani! Hii nini?"

Kazi ya kufasiri ilikuwa yangu. Nilitamani kuwa marehemu. Nikamweleza kwa Kiingereza changu chote cha sekondari habari za watani, na mazishi, na viatu, na kwamba kwa mtazamo wa Dresa wao wawili sasa ni kama jamaa. Nilipofika hapo pa jamaa niliona kiko kimeanza kutetemeka.

"Mimi hapana mtani wake!" akanguruma. "Mimi Bwana Mganga!"

Dresa akainuka, akasimama wima, akasahau utani. "Bwana, yule mama wa Kang'ata angekuwa hai," akasema. "Ufito ulitoka mkavu, Bwana. Nilipima mwenyewe."

Hilo sikulifasiri. Halikuhitaji.

Daktari akakitoa kiko mdomoni. Kisha akatamka hukumu, polepole, nami nikaifuata kwa Kiswahili. Mwezi mmoja. Gari lake litakaa, na petroli yote itakuwa ya gari la wagonjwa. Lakini kengele ya saa moja ikilia hata siku moja mtumishi mmoja hayupo mstarini, mchezo umekwisha: magari yatarudi, na Dresa atahamishiwa zahanati ya Kang'ata, peke yake, akawatanie nyani. Bi Mkunga atabaki hapa, maana mkunga hana mbadala.

Niliwaona wakitazamana, mume na mke, ng'ambo ya lile gari lenye maua. Kisha watumishi wote thelathini waligeuka wakanitazama mimi. Sikuuliza kwa nini.

Mwezi ule! Sijawahi kuishi hivyo kabla wala baada. Asubuhi ya kwanza Bwana Mganga alishuka kilimani kwa toroli amekaa wima kama yuko kanisani. Kwenye ule mteremko wa mwisho kofia yake iliruka ikatua kwenye mkonge, na sisi tuliopanga mstari uzioni tukaziba midomo. Toroli likasimama. Akashuka, nywele chache alizonazo zimesimama. Akamtazama mwenye gogo la breki.

"Kesho," akasema, "hapana kamata sana breki."

Siku ya nne alikuwa anasukuma kwenye mpando na manamba, koti amelivua, anajifunza nyimbo zao, na ni heri hakujua maana zake. Siku ya kumi alimkemea mwuguzi aliyejaribu kukaa nafasi ya mbele. Na kila jioni Dresa alichovya ufito pipani mbele ya watu wote, akauinua juu tuone ulipolowa. Mara ya kwanza umelowa kidole. Halafu kiganja. Halafu ukalowa hadi karibu na mkono wake, na watu walishangilia kana kwamba timu yetu imefunga bao.

Sasa nisimulie aibu yangu, maana bila hiyo habari hii haina miguu.

Zilibaki siku tatu. Alfajiri ikanyesha. Kama hujawahi kulala chini ya bati, blanketi limekufika kidevuni, mvua inapiga juu mfululizo na mtu jikoni anakaanga maandazi, usinihukumu. Nikajigeuza upande wa pili. Nikamwambia mke wangu: "Waambie nina homa."

"Homa ya nini?"

"Homa tu."

"Homa ya blanketi," akasema, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu akatoka kwenda kufungua mlango kabla hodi haijapigwa.

Niliwasikia wakiimba jina langu barabarani. Nikavuta blanketi. Wakaimba tena. Kisha miguu ikaingia sebuleni, mingi, inachuruzika maji, na sauti ya Dresa iko juu yangu.

"Mke wangu, mpime huyu."

Bi Mkunga akanishika mkono, akahesabu mapigo, akaniweka kiganja shingoni. "Hana homa," akasema.

"Ana nini?"

"Ana nyumba nzuri."

"Mtani," nikasema ndani ya blanketi, "niachie leo tu. Leo tu!"

Dresa aliinama, na hakutania. "Mtani wangu," akasema taratibu, "mimi Kang'ata nitakwenda, hainiumizi. Lakini pipa litarudi kuwa kavu. Unataka mimi nikupigie magoti hapa, mbele ya mkeo?"

Nikavuta blanketi hadi utosini. Aibu ilisema niinuke, na uvivu ukanibana miguu. Dresa akanyoosha mgongo, na sauti ya kuamsha wodi ikarudi: "Machela!"

Walikuja nayo! Walikuwa wamekuja nayo tangu nyumbani, walivyonijua. Nikabebwa mimi, blanketi na mto, katikati ya mvua, watu wanne wanakimbia na wengine nyuma wanaimba, Mama Hadija anatukimbilia na suruali yangu mkononi. Sokoni wachuuzi walisimama. Mzee mmoja akavua kofia kwa heshima, akauliza kwa huzuni: "Nani amefariki, jamani?" Nikaona si vizuri kumwacha na wasiwasi, nikaketi kwenye machela nikampungia mkono. Mzee alitimua mbio ambazo vijana wa siku hizi hawazijui.

Tuliingia getini mlinzi ameshika kamba ya kengele. Toroli nalo ndilo linasimama, Bwana Mganga analoa chepechepe, saa iko mkononi. Kengele ikalia. Wakanitua mstarini, nafasi yangu ileile, kati ya mpishi na mchanganya dawa.

Daktari akaja hadi kwenye machela, akanitazama nilivyo, kikoi na mto.

"Karani. Wewe mgonjwa?"

Nilielewa mara moja. Nikisema mgonjwa, nimesitiri uso wangu: nilibebwa kama wagonjwa wanavyobebwa, na hakuna atakayenicheka. Lakini mgonjwa si mtumishi aliyefika kazini. Mgonjwa ni nafasi tupu mstarini. Dresa alikuwa anatazama mbele, hatikisiki, na kando yake Bi Mkunga amefumba macho.

Nikashuka kwenye machela. Kikoi kilitaka kubaki, nikakiwahi. Nikasimama pekupeku kwenye tope, mtu wa sekondari, mwenye tai kumi na mbili nyumbani.

"Mzima, Bwana," nikasema. "Nimekuja kazini."

Nadhani angesema neno, lakini tarishi wa boma, ofisi ya serikali, aliingia anakimbia. Simu kutoka Handeni. Kuna mama ana uchungu siku ya pili, mtoto amelala kiubavu, tafadhali gari. Hakuna aliyeuliza kama petroli ipo. Dereva alikwishaliwasha, na lilinguruma! Jamani, sauti ile! Bwana Mganga akaruka mbele na vifaa vyake, Bi Mkunga na Dresa nyuma, na gari likatoka getini linarusha tope hadi usoni kwangu, nami sikujifuta.

Walirudi kesho yake mchana. Mama alikuwa hai, amejikunja nyuma na kitoto cha kike kilichokunja uso kwa hasira. Tulisukumana kukiona. Dresa aliingia chumba cha kufungia vidonda, akakaa kwenye benchi lake, akafungua karanga zake kwenye karatasi. Mimi nilikuwa dirishani. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Bwana Mganga akaingia, hakusalimu, akachota karanga za Dresa kiganja tele, akatafuna, akamtazama miguuni.

"Mitumbwi," akasema kinywa kimejaa, akatoka.

Dresa alikaa anautazama ule mlango. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka mkewe akaja kumtazama, na kicheko kikaenda wodi kwa wodi kikifika kwa watu wasiojua hata wanachekea nini. Zile siku zilizobaki hakuna aliyezihesabu.

Ningependa kusema tuliendelea hivyo milele. Vita vilikwisha, mapipa yakarudi kuwa mengi, Bwana Mganga akahamishwa na aliyekuja badala yake hakuwa na habari za toroli. Kigari chekundu kikaonekana tena. Mimi nilistahimili, nadhani wiki mbili, kisha nikaenda stoo nikasogeza masanduku ya bandeji. Dresa alinikuta ninaipuliza vumbi. Hakupiga kelele. Aliomba uhamisho muda si mrefu, yeye na Bi Mkunga pamoja, na katika vituo vyote akachagua Kang'ata.

"Kule hakuna gari hata moja," nikamwambia. "Utamhubiria nani?"

"Hakuna," akasema. "Nakwenda kupumzika."

Nilimwona mara moja tena. Miaka ilikuwa imepita, Waingereza wangalipo ila walikwishaanza kuuza samani. Mimi nilikuwa nimehamishiwa boma la Handeni, kwetu, jambo ambalo nililiomba kwa barua saba. Na nilikuwa na gari! Dogo, la mtu wa pili, lakini la kwangu. Nilikuwa natoka nalo Tanga nilikokwenda kulichukua, peke yangu, madirisha wazi, na Mama Hadija alikuwa ameahidi pilau. Nilipofika Segera, pale njia zinapogawana, kuna mzee kasimama katikati ya barabara amenyoosha mikono.

Mvi tupu. Kaptula imepigwa pasi.

"Shikamoo, mtani!" nikaruka chini.

"Marahaba. Umenenepa. Gari la nani?"

"Langu."

Hakunipongeza. Alilizunguka, akachungulia ndani, midomo inahesabu. Halafu akageukia kibanda cha mchuuzi wa machungwa akaita, na wakatoka watu wanne: mama kijana na mtoto anayepumua kwa shida mgongoni, bibi yake, mzee wa Kimasai jicho limefungwa kitambaa, na kijana wa mkonge mguu umevimba.

"Lori limetutoa Kang'ata likatushusha hapa, limekwenda Tanga," akasema. "Tumekaa tangu asubuhi. Yamepita magari matatu, kila moja na mtu mmoja. Hawa wanakwenda hospitali Korogwe."

"Mtani, mimi naelekea Handeni. Nyumbani. Nangojwa."

"Ndiyo," akasema, akafungua mlango.

Aliwapanga kama alivyowapanga watu zamani, kwa macho, mguu wa kijana huku, bibi kule, mama na mtoto mbele penye hewa. Bibi akanishukuru kwa Kizigua kana kwamba mimi ndiye niliyekata shauri. Milango ikafungwa kwa shida.

"Na wewe je?" nikauliza. "Hujabakiza nafasi."

"Nimeona."

"Utarudije?"

"Wewe endesha, Karani. Mtoto hapumui vizuri."

Nikakaa nyuma ya usukani. Barabara ya Handeni ilikuwa mbele yangu kabisa, imenyooka. Nikakata kona kuelekea Korogwe. Yule mama kijana akanitazama suruali na tai, akauliza kwa adabu:

"Baba, nyumbani ni Korogwe?"

"Hapana, mwanangu."

Kwenye kioo nilimwona Dresa amesimama tena katikati ya barabara. Gari kubwa jeusi lilikuwa limefunga breki mbele yake, dereva peke yake ndani anapiga honi, na Dresa, bila hodi, anamfungulia mlango.